Wanaume wa Kisu Kimoja

Mwanaume akikuacha, akuache vizuri. Namba yako aifute, picha zako azitupe, jina lako alitoe mdomoni, ili na wewe upumzike. Masaba hakuniacha hivyo. Alinitumia ujumbe wa maneno sita, "Jaliah tafuta mtu mwingine, mimi basi," akazima simu miezi miwili. Halafu Jumanne moja, nimeinama kwenye cherehani yangu hapa Jinja, napigiwa simu na mwanamke nisiyemjua, ananiuliza kama mimi ndiye mke wa Sajini Masaba.

"Nani kakwambia mimi mke wake?"

"Ameandika mwenyewe kwenye fomu," akasema. "Mtu wa karibu wa kupigiwa simu, Jaliah, Jinja. Uhusiano, mke. Mimi ni sista Proscovia, niko kliniki ya ini huku Mbale. Mama, dawa ya mume wako imekaa hapa wiki tatu na yeye haonekani. Kuna wagonjwa wanaisubiri. Alhamisi ikipita hajaja, nitampa anayefuata."

Nilikuwa sijui lolote. Lakini mimi nimelelewa na wafanyabiashara, na mfanyabiashara haonyeshi ujinga wake kwa mtu asiyemjua. Nikamwuliza kwa sauti ya mtu mwenye habari zote, "Hiyo dawa ni ya muda gani vile, sista?"

"Wiki kumi na mbili. Anameza kila siku. Hii homa ya ini ya C inaambukiza kwa damu, si kwa vyombo, na siku hizi inatibika, wengi wanapona kabisa. Asipomeza, ini linaharibika polepole na yeye anajiona mzima, mpaka siku tumbo limejaa maji. Mwambie, mama. Wewe atakusikia."

Nikamwambia nitamwambia. Nikabaki nimekaa na uzi mkononi. Kilichoniuma kwanza, Mungu anisamehe, haukuwa ugonjwa. Lilikuwa neno lile, mke. Miaka miwili nililisubiri kutoka mdomoni mwake, kumbe ameniandikia kwenye karatasi ya hospitali, mahali ambapo mimi sitaliona.

Kibanda changu kiko njia ya Kimaka, karibu na kambi ya askari. Nawashonea vyeo mabegani, napunguza suruali, naweka zipu. Masaba ni dereva wao, Mgisu wa Mbale. Siku ya kwanza kumpima kiuno alisimama wima, mikono kaiachia, hapepesi jicho. Nikamwambia, "Afande, hii ni tepu, si kisu." Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akaniambia kwao mwanaume akishasimama mbele ya kisu cha jando, hata akipimwa suruali anasimama hivyo hivyo maisha yake yote. Inchi thelathini na nne. Ndivyo tulivyoanza.

Kwetu hawakumtaka. Mama yangu, Hajati Bushira, alisema, "Mkristo, mwanajeshi, na Mgisu. Ungetafuta na mlevi kabisa tukajua moja." Kwao hawakunitaka mimi. Baba yake, Mzee Gidudu, alikuwa mtahiri, mtu wa kuwatia jando vijana wa Kigisu mbele ya umati. Alisema hawezi kumwoza mwanawe binti ambaye kaka zake walikatwa wakiwa wachanga, wamelala, hawajui kusimama ni nini. Tuliyacheka hayo mimi na Masaba. Tulisema wazee watachoka kabla yetu.

Mara ya mwisho aliponiletea suruali aliniomba niipunguze kiuno inchi mbili. Nikaitundika ukutani. Ujumbe wake wa maneno sita ukaja kabla sijaigusa, na wenzake wakaniambia amechukua likizo ndefu.

Jumatano nikafunga kibanda. Mama nilimwambia naenda Mbale kutazama vitambaa. Hakuniuliza ni vitambaa gani, na mimi sikumtazama usoni.

* * *

Saa nane mchana nilikuwa Namakwekwe, mtaa wa Mbale ambao Masaba aliwahi kunitajia, naulizia nyumba ya Sajini kwa vijana wa bodaboda. Wakanionyesha uchochoro wa vyumba vya kupanga, na mwisho wake ua mdogo wenye kamba ya nguo. Mlima Wanale ulionekana juu ya mabati. Dada yake Masaba, Nandutu, alikuwa amekaa chini anapepeta ulezi. Aliponiona aliweka ungo chini.

"Wifi," akasema kwa sauti ndogo, "afadhali umekuja. Hali chakula. Nikimwuliza ananiambia ameshiba."

Kando ya mlango, juu ya kiti kifupi, alikaa Mzee Gidudu. Nilimkuta amebadilika. Macho yote mawili yalikuwa na utando mweupe, na alipotaka kujua nani kaingia aligeuza sikio. Nikapiga magoti, kama tulivyofundishwa kwetu Busoga.

"Mulembe, papa," nikamwamkia kwa lugha yake, maneno mawili ambayo mwanawe alinifundisha.

"Mulembe. Ni nani huyo?"

"Jaliah. Kutoka Jinja."

"Yule mushonaji," akasema, kama anayetaja mvua isiyotakiwa. "Umekuja kushona nini huku?"

"Nimekuja kuona kwanza kilichochanika, mzee."

Akaguna. Nadhani kidogo acheke. Hapo ndipo Masaba akatokea mlangoni, na maneno yote niliyoyapanga njia nzima yakanitoka. Shati lilimning'inia. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Lakini macho yalikuwa yale yale, na kwa dakika nzima yalifurahi kuniona kabla hajakumbuka kwamba ameniacha. Nilimpenda upya pale pale, nikiwa bado nimepiga magoti mbele ya baba yake.

"Ingia ndani," akasema.

Chumba kilikuwa na kitanda, sanduku la jeshi, meza, na vikombe viwili vya bati. Kimoja kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio. Nilikaa kitandani. Yeye alibaki amesimama.

"Nani alikuambia niko hapa?"

"Wewe. Uliandika jina langu kwenye fomu."

Akafumba macho. "Ile sista."

"Sista kafanya kazi yake. Tuongee juu ya kesho. Kesho ni Alhamisi. Saa mbili asubuhi mimi na wewe tunakwenda kuchukua dawa."

"Mimi siendi."

"Kwa nini?"

"Siumwi. Nakimbia kilomita kumi. Jaliah, mtu mgonjwa anakimbia?"

Nikafungua mkoba, nikatoa tepu yangu, nikasimama nikamzungushia kiunoni. Alisimama vile vile kama siku ya kwanza, wima, mikono kaiachia, na nilisikia joto lake na pumzi yake juu ya kitambaa changu cha kichwa. Miezi miwili nilikuwa sijakaribia mtu namna ile. Nikaisoma tepu mara mbili, nikitumaini nimekosea.

"Thelathini na moja," nikasema. "Hizo inchi tatu zimekimbia kilomita ngapi?"

Akanitoa mikono polepole, akakaa juu ya sanduku.

"Nilitoa damu kumsaidia mke wa mwenzangu aliyejifungua," akasema. "Wakanipigia simu, wakasema damu yako hatuwezi kuitumia. Ndiyo nikajua. Sasa unataka nitembee na kopo la vidonge kule Kimaka? Unajua kopo likilia mfukoni askari wanasema nini? Wanasema huyu tayari, ana ukimwi. Kesho yake wananitoa kwenye gari, wananiweka kulinda stoo. Mimi nieleze ini, nani atanisikiliza?"

"Nitakushonea mfuko wenye pamba ndani. Hata ukiruka kamba hakitalia kidonge."

"Wewe kila kitu unashona."

"Ndiyo kazi yangu. Lete sababu nyingine."

"Iko nyingine gani?"

"Masaba, mimi si mtoto. Mwanaume wa kuogopa kopo angelificha chini ya kitanda akameza usiku. Wewe hata kwenda kulichukua hukwenda. Na mimi ulinikimbia. Kwa nini ulinikimbia mimi?"

Nje ungo wa Nandutu ulikuwa umeanza tena. Masaba alijibu akitazama sakafu.

"Kwa sababu nikikuona nitakubali. Ndiyo maana nilizima simu."

Ee Mola, nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia. Sikufanya lolote. Nikamwambia, "Basi umeniona. Sema."

Akainuka, akaurudisha mlango mpaka ukabaki ufa mdogo, akakaa karibu yangu, karibu kuliko vile alivyokusudia.

"Unamkumbuka Wamimbi?"

Nilimkumbuka. Rafiki yake wa utotoni, alikufa mwaka jana. Tumbo lilivimba, akatapika damu, na kijiji kikasema amelogwa.

"Wamimbi hakulogwa," akasema. "Nimesoma ile karatasi ya sista. Ni hii hii. Utotoni aliwahi kuongezewa damu, labda aliipata huko, nani anajua. Mwaka wa elfu mbili na nne tulitahiriwa siku moja, ua moja, ile ya baba. Wanne. Wamimbi kwanza, halafu Kuloba, halafu Mudoma, mimi wa mwisho."

"Sasa?"

"Kisu kilikuwa kimoja."

Nilimtazama. Akatikisa kichwa kuelekea mlangoni, kule alikokaa mzee.

"Serikali walikuwa wameshakataza," akaendelea kwa sauti ya chini. "Kila kijana na kisu chake. Na yeye hakuwa mtu wa kupuuza. Alikuwa na visu saba kwenye mfuko, visafi. Lakini siku ile ilikuwa siku ya mwanawe. Akatoa kisu cha babu yake, kile kilichomkata babu yangu, kikamkata na yeye. Akasema, mwanangu hakatwi na chuma ya duka. Baba zao wale watatu wakamwomba, wakasema, Gidudu, na watoto wetu wapate heshima hiyo. Angewakatalia vipi? Alikuwa anakipangusa kwa kitambaa kipya kila mara, akaona inatosha."

"Masaba," nikasema, "meza dawa. Hakuna anayekutaka utangaze. Meza, upone, kisu kikae kimya."

"Huelewi. Sisi wa kisu kimoja, mmoja hali peke yake. Nikichinja kuku, wenzangu wanajua. Kuloba akioa, mimi nachangia. Nimeze dawa nipone, halafu nikutane na Kuloba, namwangalia usoni, najua labda anaoza ndani kama Wamimbi? Mwanaume wa hivyo kwetu hana jina."

"Basi waambie wapimwe."

"Watauliza tumeitoa wapi. Nitawaambia nini? Jaliah, mzee macho hana. Mke amemzika. Amebaki na siku ile tu. Mgeni akija hapa anamhadithia, nilimkata mwanangu kwa kisu cha babu, na mwanangu alisimama. Kila mgeni. Nimwambie hiyo siku yako, papa, ndiyo iliyomuua Wamimbi? Nitakuwa nimemzika anapumua."

Sasa nilielewa. Nilikuja nimejitayarisha kupambana na woga, na ujinga, na kiburi cha askari. Sikujitayarisha kukuta upendo umekaa pale, umemshika mtu wangu shingoni.

"Kwa hiyo utakufa," nikasema, "ili mzee aendelee kuhadithia."

"Ndiyo."

"Na Kuloba na Mudoma nao wafe, hadithi isiharibike."

Akasema, "Kila siku nasema nitawaambia kesho."

"Kesho ni Alhamisi."

"Usimwambie, Jaliah. Niapie."

Sikuapa. Mbele ya Mungu, sikuapa. Nilinyoosha mkono nikachukua kile kikombe chenye uzi mwekundu. Kilikuwa na chai iliyopoa.

"Hicho changu," akasema haraka. "Usinywe. Nimekitenga."

"Ugonjwa huu haukai kwenye kikombe. Sista hakukuambia?" Nikanywa mpaka chini, nikimtazama. Akaweka mkono wake juu ya wangu, na tulikaa hivyo, mimi na yeye na kikombe, muda mfupi sana. Nimeishi kwa muda ule miezi mingi.

Halafu nikasimama, nikafungua mlango, nikaenda kupiga magoti mbele ya baba yake.

* * *

"Papa," nikasema, "mwanao anaumwa. Ana ugonjwa wa damu uliomshika ini. Ndio uliomuua Wamimbi. Dawa iko, inaponya, na kesho ni siku ya mwisho kuichukua. Anakataa."

"Jaliah, nyamaza." Masaba alikuwa mlangoni, na hiyo ilikuwa sauti ya jeshi, sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu.

"Anakataa kwa nini?" akauliza mzee.

"Kwa ajili yako. Ugonjwa huu unapita kwenye damu. Walikuwa wanne, na kisu kilikuwa kimoja."

Nandutu alishika mdomo. Mzee hakuinua hata kidole. Nilisikia bodaboda ikipita uchochoroni, ikaenda mpaka ikapotea. Nikaanza kuogopa.

"Nilikipangusa," akasema mwishowe. "Kila mtoto nilikipangusa. Kwa kitambaa mupya."

"Najua, papa."

"Nilikuwa na saba kwenye mfuko. Saba. Nilitaka tu akatwe na kile kilichonikata mimi." Uso wake uligeuka kutafuta mwanawe, ukaelekea upande usio wake. "Masaba. Ni kweli?"

Masaba alikuwa ameshika nguzo ya mlango. "Papa, huyu mwanamke hajui anachosema."

"Sikukuuliza anajua nini. Ni kweli?"

Masaba akaiachia nguzo.

"Ni kweli, papa."

Mzee akaweka fimbo yake chini. Nandutu alikimbilia kumsaidia, mzee akamsukuma mkono. Akaushika ukuta, akainuka peke yake, akatembea hatua tatu mpaka katikati ya ua ambapo hakuna cha kushika. Akasimama pale, wima, miguu imeachana kidogo, mikono kaiachia. Mimi mgeni wa mila zao nilijua ninachokiona, kwa sababu nilishamwona mwanawe akisimama hivyo mbele ya tepu yangu.

"Siku ile huyu alisimama," akasema. "Watu wote wale, na hakupepesa. Alikuwa mtoto wa miaka kumi na saba. Sasa ni mimi. Nandutu, piga simu. Kuloba aje, Mudoma aje, na mama yake Wamimbi aje. Waje hapa uani. Nitawaambia mimi mwenyewe, nimesimama. Na wewe, Masaba, kesho asubuhi utanishika mkono mpaka kwa huyo sista."

Machozi yalikuwa yanamtiririka juu ya ule utando mweupe, na hakuyafuta. Nandutu alitafuta simu huku analia.

Nilifikiri Masaba atamwendea baba yake. Alinijia mimi. Alinishika kiwiko akanitoa mpaka mdomo wa uchochoro, bila kuniumiza, kama anayemsindikiza mgeni aliyekwisha kula.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Sijafurahi. Utakunywa dawa?"

"Nitakunywa. Sina tena cha kuficha, umekimwaga chote. Kitu moja tu nilikuwa nacho, Jaliah. Hata dada yangu sikumwambia. Nilikupa wewe. Dakika kumi hukukaa nacho."

"Ningekaa nacho, ungekufa nacho."

"Ilikuwa yangu."

"Najua ilikuwa yako."

"Ulimwona alivyosema kitambaa kipya? Ulimwona?"

Nilimwona. Nikafungua mdomo kusema nisamehe, na neno likakataa, kwa sababu kusamehewa ni kwa mtu anayejuta, na mimi ningerudi nyuma mara mia ningefungua mlango ule mara mia. Yeye alinijua. Aliliona hilo usoni mwangu, na hapo ndipo uso wake ulipojifunga.

"Nenda nyumbani," akasema. "Mimi na wewe tumemaliza."

Nikaenda.

Mama alinipokea jioni pale Jinja, akanitazama mikononi. "Vitambaa viko wapi?"

"Sikuvipata, mama."

Kwa ulimi wake ule nilijua atanichana. Badala yake alinimiminia chai, akakaa karibu nami mpaka nikaimaliza.

* * *

Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala, simu ikalia. Namba ngeni.

"Mushonaji," ikasema sauti ya kizee. "Mumetoka kuswali?"

Nikasimama kwa heshima, peke yangu, kibandani. "Tumetoka, mzee. Mulembe."

"Mulembe. Alhamisi ile alichukua. Leo ni siku ya tisa anameza. Nilitaka ujue."

"Ahsante, papa. Na yeye... ananitaja?"

"Hapana," akasema mzee, ambaye hakuwahi kudanganya mtu. Akakata.

Ikawa desturi. Kila Ijumaa, saa nane na robo, Mzee Gidudu aliyekataa dini yangu anasubiri tumalize kuswali ndipo apige. Wiki ya tatu aliniambia Kuloba amepimwa, anao, naye ameanza dawa. Mudoma hana. Wiki ya nne aliniambia mama yake Wamimbi alikuja akakaa mbele yake akalia, naye akalia, na hawakusemezana neno lolote. Wiki ya sita kuna ndugu walimtukana hadharani, akawaacha wamalize. Wiki ya saba alisema wageni wakija bado anawahadithia siku ile. "Lakini sasa naihadithia mpaka mwisho," akasema.

Kila mara nauliza, ananitaja? Kila mara, hapana. Wiki ya nane nikaacha kuuliza.

Mimi niliendelea na kazi. Nilishona sare za shule, nikashona magauni ya gomesi ya harusi tatu, nikawabana wanawake wa watu viunoni na kuwapongeza. Askari wa Kimaka walileta suruali zao, nami kila nikizungusha tepu nilijikuta nasubiri mmoja asimame vile. Hakuna aliyesimama. Siku moja mama aliniona nafunga uzi mwekundu kwenye kikombe changu cha chai.

"Cha nini hicho?"

"Nisichanganye na chako."

"Tangu lini mimi na wewe tunatengana vikombe?"

Nilitaka tu kuwe na kikombe kingine duniani kinachofanana na kile. Mtu akiwa mpweke hufanya mambo ya kitoto, na mimi nilikuwa mpweke mpaka nikaizoea sauti ya cherehani kama ya mtu anayeniongelesha. Suruali ya Masaba ilikuwa bado ukutani. Wateja wakiuliza ni ya nani, nilisema mwenyewe atakuja.

Ijumaa ya kumi na mbili simu ililia saa nane na robo kamili.

"Imekwisha," akasema mzee. "Juzi alimeza cha mwisho. Sista amesema baada ya miezi mitatu watampima waone kama umetoka kabisa. Lakini anakula. Jana alikula akaomba tena."

Nikakaa juu ya kiti cha wateja. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo. Alikuwa hai. Angeendelea kuwa hai, huko Mbale, bila mimi, na hilo ndilo nililolichagua siku ile. Nikamshukuru Mungu, na nikaona Ijumaa zangu nazo zimekwisha.

"Alhamdulillahi," nikasema. "Papa, ahsante kwa kunipigia wiki zote hizi. Na wifi Nandutu mwambie ahsante, yeye anayekubonyezea namba."

"Nandutu? Nandutu hayuko. Amekwenda Soroti kwa mume wake tangu wiki ya pili."

Mguu wangu ulikuwa unachezea pedeli ya cherehani. Ukasimama.

"Sasa nani anakupigia simu, mzee?"

"Wewe mwana, mimi hata mlango siuoni. Unafikiri nani?"

Nilisikia mtu akikohoa karibu na simu, kikohozi kidogo cha mtu aliyekaa kimya muda mrefu. Nilikijua. Ningekijua hata katikati ya soko.

"Yuko hapo," nikasema.

"Yuko. Kila Ijumaa yuko. Anabonyeza, ananipa, anakaa."

"Mpe simu, papa."

Kukawa na mikwaruzo, na sauti mbili zikinong'ona kwa Kigisu. Nilishikilia tepu shingoni kwa mkono mmoja. Kisha mzee akarudi.

"Anasema bado."

"Bado," nikasema.

"Ndiyo. Bado anakasirika. Mimi nilimwambia kisu chenyewe kilikuwa changu, na mimi nimekwisha kukusamehe, yeye anasubiri nini? Anasema bado. Basi. Tutakupigia Ijumaa."

"Ijumaa ipi, papa? Dawa si imekwisha. Tutaongea nini?"

"Hata mimi nilimwuliza hivyo," akasema mzee. "Akanyamaza tu."

Simu ikakatika. Kijana wa jeshi alikuwa amesimama mlangoni na suruali mkononi, ananisubiri. Aliitazama ile ya ukutani, akasema afande mwenye hiyo kama haitaki tena yeye angeinunua, apunguziwe kiuno kidogo tu.

"Haiuzwi," nikamwambia. "Na kiuno chake hakipunguzwi."